Kila Zama na Kitabu Chake

Wahenga walinena kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini hawakutuambia kwamba moshi huo, ukiisha kupaa, huacha harufu yake katika nguo. Na kwamba mtu mzima huweza kuishi miaka mingi akiinusa harufu hiyo na kuidhania kuwa ndiyo hewa ya dunia nzima. Mimi nimekwisha kuvuka miaka hamsini. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya nusu ya umri huo, na katika muda wote huo nimekuwa mwepesi wa kuwaeleza wanafunzi wangu kipi ni muziki na kipi si muziki, kipi ni kitabu na kipi ni karatasi zilizoshonwa pamoja. Nilidhani nafundisha utamaduni wa taifa. Kumbe aghalabu nilikuwa nafundisha ujana wangu mwenyewe.

Aliyenizindua ni msichana mmoja wa kidato cha tatu. Ilikuwa mwaka 2022, mwaka niliotimiza miaka hamsini, na chama cha Kiswahili shuleni petu kilikuwa kimeandaa mdahalo. Hoja ilisema kwamba muziki wa kizazi kipya unaua utamaduni wetu. Nikaombwa nifunge mjadala, nami nikasimama na kusema kwa ufasaha wote niliojaliwa. Niliusifu muziki wa zamani, nikazitaja bendi na waimbaji wake, nikamalizia kwa methali isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Walimu wenzangu wakapiga makofi. Ndipo msichana yule akanyosha mkono, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuuliza. Huo muziki wa zamani, ulipokuwa mpya, wazee wa wakati ule waliuitaje?"

Nilicheka, na ukumbi mzima ukacheka pamoja nami, kengele ikalia, tukatawanyika. Sikumjibu. Lakini swali lake halikutawanyika. Lilinifuata nyumbani, likala nami chakula cha jioni, likalala nami. Makala haya ndiyo jibu langu kwake. Limechelewa, lakini jibu lililochelewa lina faida moja: mwenye kulitoa amepata muda wa kujichunguza.

Nitaanza na muziki, kwa kuwa ndio ulionifikia kwanza. Nilizaliwa wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, katika kambi ya shamba la mkonge ambako baba alikuwa karani. Nyumbani mwetu mlikuwa na vitu viwili visivyoguswa na mtoto: kalamu ya wino ya baba, na gramafoni yake. Alikuwa na santuri chache, nyingi kati ya hizo za Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba ya Morogoro. Kila mwisho wa mwezi, baada ya mishahara, alizitoa katika makasha yake, akazifuta moja moja kwa kitambaa laini, ndipo akazipiga, naye amekaa wima kama aliye msikitini. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na baba aliamini kwa dhati kwamba muziki wa nchi hii ulizikwa siku ile.

Mimi nilikuwa na imani nyingine. Katikati ya miaka ya 1980 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa dirisha letu la kuiona dunia. Vijana wa siku zile tuligawanyika katika makundi kama wapenzi wa kandanda wanavyogawanyika. Wako waliokuwa wa Juwata, ile bendi iliyoanzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964 kwa jina la NUTA. Wako waliokuwa wa Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978 na kupendwa kwa jina la Sikinde. Wako wa Vijana Jazz, na wako waliopotelea kwa Orchestra Maquis, wanamuziki waliotoka Zaire. Mimi nilikuwa Sikinde, nami nilikuwa tayari kununa siku nzima kwa ajili yake. Siku moja nilipofungua redio kwa sauti ya juu, baba alitoka barazani, akanitazama kwa huruma kuliko kwa hasira, akasema, "Zima, mwanangu. Hao hawaimbi. Wanapiga kelele na vyombo vyao." Nilizima. Lakini moyoni nilisema kwamba baba amezeeka.

Sasa tutazame kile alichokitetea baba. Jina lenyewe la Cuban Marimba linatosha kumfunza mwenye kutaka kufunzwa, maana Cuba si kitongoji cha Morogoro. Katika miaka ya 1930 na iliyofuata, santuri za muziki wa Cuba ziliuzwa katika miji ya Afrika, na vijana wa miji hiyo wakajifunza kwa kuzisikiliza. Muziki huo wenyewe ulikuwa umebeba damu ya mababu waliochukuliwa utumwani kuvuka bahari ya Atlantiki. Hivyo ulipofika kwetu ulikuwa kama mjukuu aliyezaliwa ugenini na kurudi nyumbani akiwa na lafudhi ngeni. Wazee wa baba, waliozoea ngoma zao, waliwaona vijana wale wenye magitaa na suruali zilizopigwa pasi kuwa wamepotea. Naye baba, alipokwisha kuwa mtu mzima, akaniona mimi kuwa nimepotea. Nami nikaja nikawaona wanafunzi wangu vivyo hivyo. Upotovu, kumbe, ni urithi wetu. Tunapokezana kama kijiti cha mbio.

Wala jambo hili si la muziki wa dansi peke yake. Nani leo atathubutu kusema kwamba taarabu si yetu? Na hali ala zake, tangu udi hadi fidla na ganuni, zilitufikia kwa njia za bahari, na ilipata malezi yake katika jumba la Sultan Barghash aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hadi 1888. Iliimbwa kwa Kiarabu na kusikilizwa na wachache, hata akatokea Siti binti Saad, mwanamke wa shamba aliyeinukia katika umaskini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake, sauti zao zikatiwa katika santuri, naye akiimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa Ng'ambo. Siti hakuitupa ala hata moja kwa kuwa ni ya kigeni. Aliitia lugha yetu na shida zetu, nayo ikawa yetu.

Kadhalika bendi zetu. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Osaka, huko Japan, kuiwakilisha nchi katika maonyesho ya dunia, wakiwa na magitaa mikononi. Wala hapana aliyesema kwamba gitaa si chombo cha Kitanzania. Na majina ya Sikinde na Msondo, ambayo bendi mbili kubwa zilijitwalia, ni majina ya ngoma za watu wa pwani. Hapo ndipo palipo na siri. Kuingia kwa kitu cha nje si msiba. Msiba ni kukipokea na kukiacha kama kilivyokuja.

Lakini nilisema nitaeleza mapenzi yangu ya utu uzimani, wala si historia tupu. Basi na nikiri kwamba hata Sikinde niipendayo leo siyo ile niliyoipenda nikiwa kijana. Zamani nilikuwa nayangoja magitaa. Maneno ya wimbo niliyaona kama ukumbi wa kupitia tu, ili mtu afike uani kulikoandaliwa karamu, pale ngoma inapochangamka na wachezaji wanapoinuka. Leo nakaa ukumbini na sina haraka ya kwenda uani. Baba alipofariki mwaka 1998, ndugu walikaa kugawa alichokiacha, na kilikuwa kidogo. Lakini udogo wa mali haukuupunguza ukubwa wa maneno. Usiku wa siku ile, nikiwa nimechoka kwa kusutana na watu niliokula nao sahani moja, redio ilipiga wimbo wa zamani kuhusu jamaa wanaogombana. Niliwahi kuucheza wimbo ule mara nyingi sana. Usiku ule niliusikia kwa mara ya kwanza. Gramafoni ya baba niliichukua mimi, na santuri zake pia. Na siku hizi nizifutapo kwa kitambaa laini, huwa najiuliza kwa nini sikukaa naye barazani alipokuwa hai, hata kwa santuri moja.

Nije kwenye vitabu. Nilipokuwa kijana nilisoma kwa njaa, na njaa haichagui. Niliwapenda wapelelezi. Nilimpenda Bwana Msa na kiko chake, yule wa Muhammed Said Abdulla, ambaye kitabu chake cha "Mzimu wa Watu wa Kale" kilitoka mwaka 1960. Nilimpenda zaidi Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, aliyeanza kutusisimua kwa "Kufa na Kupona" mwaka 1974. Vitabu hivi vilizunguka mabwenini vikiwa havina majalada, na mara nyingine vikiwa havina kurasa za mwisho, hata ikambidi msomaji amtafute aliyetangulia ili ajue nani alikufa na nani alipona. Walimu waliviona ni upuuzi na walitunyang'anya. Walitutaka tusome Shaaban Robert. Nasi tulimsoma kama mgonjwa anavyokunywa dawa, kwa kuwa mtihani uliamuru.

Namshukuru Mungu kwamba dawa ile ilibaki katika chupa. Nilipofika miaka arobaini na kitu nilimrudia Shaaban Robert kwa hiari yangu, wala hapakuwa na mtihani mbele yangu. Nilianza na "Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini", kwa sababu jina lake lilikuwa linanikaribia. Nilimkuta humo karani wa serikali, mtu wa ofisi za forodha na mifugo, mwenye kuhamishwa na kuonewa, aliyefiwa na mkewe akiwa bado anamhitaji, aliyewatungia wanawe tenzi ili wawe na cha kushika atakapokuwa hayupo. Alizaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Hiyo miaka yake baada ya hamsini ilikuwa michache sana. Nilipokuwa mwanafunzi niliona anahubiri. Sasa niliona anajizuia asilie. Maneno yalikuwa yale yale. Aliyebadilika ni msomaji.

Kisha nikakisoma tena "Kusadikika", kitabu cha mwaka 1951 nilichokikariri kwa ajili ya mtihani. Nilikuwa nimekumbuka ufasaha wa Karama mbele ya baraza, lakini nilikuwa nimesahau kiini cha utetezi wake. Karama anaieleza hadhara habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, kila mmoja akarudi na mambo mema aliyoyaona ugenini ambayo yangeweza kuinufaisha nchi yake. Na kila mmoja, badala ya kushukuriwa, akatupwa gerezani. Nilikifunga kitabu nikatulia. Mimi niliyekuwa nikikitumia kitabu hicho kufundisha maadili, nilikuwa nimekaa upande gani wa baraza lile?

Na kama msomaji anadhani kwamba haya ni ya hadithini tu, na tulitazame jambo lililotokea hapa hapa kwetu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake ya "Kichomi", yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Palizuka ubishi mkubwa. Walikuwako washairi na wataalamu, watu wenye elimu na nia njema, waliosema kwamba hayo si mashairi kabisa. Riwaya yake ya kwanza, "Rosa Mistika", ya mwaka 1971, ilipata hata kuzuiwa mashuleni, kwa kuwa ilisema waziwazi habari za wasichana na walaghai wao. Baadaye riwaya hiyo hiyo ikafundishwa darasani. Mwandishi huyo alipofariki Januari 2020, taifa lilimwomboleza kuwa ni mmoja wa mafundi wakubwa wa lugha yetu. Nilipokuwa kijana nilikuwa upande wake, na niliwacheka waliompinga. Lakini kuwa upande wa mapya ukiwa na umri wa miaka ishirini si ushujaa, ni umri. Ushujaa ni kuyapa nafasi mapya ukiwa na hamsini.

Siku hizi nasoma polepole. Kitabu kilichonishika katika mwaka wangu wa hamsini ni "Peponi", riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ambayo ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni habari za mtoto aliyetolewa na baba yake kwa tajiri ili kulipia deni. Ujanani ningetaka kujua upesi kama anatoroka. Sasa nilikaa muda mrefu katika kurasa za mwanzo, nikimfikiria yule baba.

Juu ya televisheni sina mengi ya kusema, nami nitasema upesi. Unguja walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Sisi wa Bara tuliisubiri hadi mwaka 1994, nami wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Utoto wetu, basi, ulikuwa wa redio. Tulikaa mbele ya kasha dogo tukasikiliza "Mama na Mwana" na visa vya "Pwagu na Pwaguzi", na kila mmoja wetu alikuwa na Pwagu wake kichwani, mwenye sura aliyompa mwenyewe. Mwaka 1980 timu yetu ya taifa ilipocheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika huko Lagos, nilikuwa na miaka minane, na mpira wote niliuona kwa masikio. Tulisubiri miaka thelathini na tisa kabla ya kurudi katika fainali hizo, huko Misri mwaka 2019. Safari hiyo niliitazama kwenye televisheni, nikiwa na wanangu. Tulifungwa na Senegal mabao mawili kwa bila, na Kenya matatu kwa mawili, na Algeria matatu kwa bila. Na kila bao niliona lilivyoingia, tena likarudiwa polepole ili nilione vizuri zaidi. Mwaka 1980 pia hatukushinda hata mchezo mmoja, lakini katika mawazo yangu wachezaji wale wa redio bado ni majitu.

Yamkini ndiyo sababu sijawahi kuipenda televisheni kwa moyo wote. Lakini hapa tena inanibidi nijihadhari. Mke wangu na binti zetu hutazama tamthilia za nchi za mbali zilizotiwa sauti za Kiswahili, nami kwa muda mrefu nilikuwa nikipita sebuleni nikiguna. Jioni moja nilikaa, kwa kuwa mguu uliniuma. Nikawasikia wanabishana juu ya mama mkwe mmoja katika tamthilia ile, kama ana haki au hana; na katika ubishi wao binti yangu mkubwa akasema jambo kuhusu ndoa yake ambalo hakuwahi kulisema mbele yangu. Sijui kama tamthilia ile ni nzuri. Najua tu kwamba siku hizi sigunii tena.

Sasa nirudi nyuma, kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, na ambalo ningependa kulipita kimya kama ningeweza.

Mwaka 2004 nilikuwa nafundisha kidato cha pili somo la ushairi. Ubaoni nilikuwa nimeandika kanuni za vina na mizani, kama alivyozipanga Sheikh Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na darasa lilikuwa linasinzia. Kijana mmoja wa safu ya nyuma hakuwa akisinzia, alikuwa akiandika. Nikamwendea polepole. Alikuwa na daftari dogo lililojaa maneno ya nyimbo za kizazi kipya, yaliyonakiliwa kwa mwandiko mzuri. Nililichukua. Kama ningeishia hapo, ningekuwa nimefanya kama walimu wangu walivyonifanyia. Lakini sikuishia hapo. Nilifungua ukurasa wowote, nikasoma mistari miwili mitatu kwa sauti ya kubeza, darasa zima likacheka. Kisha nikalitia daftari katika kabati la ofisi na kulifunga kwa ufunguo. Yule kijana alisimama ameinamisha kichwa, hakusema neno. Mwaka uliofuata hakurudi shule. Niliambiwa kwamba karo ilikuwa imemshinda mama yake.

Miezi michache baada ya mdahalo ule niliokwisha kuutaja, ofisi yetu ilikuwa inapakwa rangi, tukayahamisha makabati. Daftari lilianguka kutoka nyuma ya mafaili. Nililichukua nyumbani nikalisoma kwa miaka yangu hamsini, na kwa swali la msichana yule likiwa bado kichwani. Nusu ya kwanza ilikuwa ni nyimbo za watu. Nusu ya pili ilikuwa ni mashairi yake mwenyewe. Nilihesabu kwa kidole: mizani minane kwa minane, vina vya kati na vya mwisho mahali pake. Yaliyokuwa ubaoni siku ile, na ambayo nilidhani hayasikii, alikuwa akiyatenda. Shairi refu kuliko yote lilimhusu mama yake, muuza vitumbua katika stesheni ya treni. Mshororo mmoja tu ulipungukiwa na mizani, nao ni ule ambao mama anahesabu sarafu za siku na kuziona hazitoshi.

Niliuliza kwa watu, nikaelekezwa. Nilimkuta maeneo ya Msamvu, hapa Morogoro, akiwa fundi wa pikipiki. Alinitambua kabla sijajitambulisha. Alijipangusa mikono, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamkabidhi daftari lake, nikaanza maneno ya kuomba radhi niliyokuwa nimeyatayarisha njiani, lakini hakuwa akinisikiliza, alikuwa amefika kwenye ukurasa ule wa stesheni, naye alikaa nao muda mrefu. Kisha akasema, "Mama amekwisha kufariki, Mwalimu. Hatukuwa na picha yake ya wakati ule." Na baada ya kimya kingine akasema, "Ahsante kwa kunitunzia."

Sikulitunza. Nililisahau. Nilishindwa kumwambia hivyo, na hadi leo sijamwambia. Nilimwuliza kama bado anatunga. Akatikisa kichwa, akaliweka daftari juu ya rafu, mbali na mafuta, akarudi kwenye kazi yake.

Msomaji asidhani kwamba nimegeuka sasa na kusema kwamba kila kipya ni chema. La hasha. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nazo nyimbo ziko nyingi za leo ambazo hazina neno, zinarudia matusi na majivuno, na sitamdanganya mwanafunzi yeyote kwamba nazipenda. Lakini tuwe waadilifu katika kupima. Wakati ni chekecheke. Nyimbo za zamani tunazozikumbuka ni zile zilizobaki juu ya chekecheke. Ovyo zake, ambazo nazo zilikuwa nyingi, zimekwisha kuanguka na kusahauliwa. Nyimbo za leo bado zimechanganyika. Basi mtu mzima anapomwambia kijana, "Linganisha muziki wetu na wenu," mara nyingi anaulinganisha unga wake na pumba za mwenzake, wala hiyo si mizani ya haki. Muziki wa vijana umetoa nao watu waliosema kweli. Joseph Haule, anayejulikana kwa jina la Profesa Jay, aliimba mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwasuta wanasiasa wenye ahadi za uongo. Na mwaka 2015 watu wa Mikumi, katika wilaya ile ile niliyozaliwa, wakamchagua kuwa mbunge wao. Baba angesemaje?

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Mwanafunzi akija na wimbo wake, tusianze kwa kuuliza kama ni wa zamani au ni wa kisasa, wa hapa au wa kule. Tuuulize maswali yale yale tunayoyauliza mashairi ya mababu: Unasema nini? Unasema kweli? Lugha yake imetumikaje? Ukiwa mbovu, udhaifu wake utaonekana mbele ya darasa zima bila ya sisi kuubeza. Na ukiwa mzuri, tutakuwa tumepata somo lililoletwa na mwanafunzi mwenyewe. Kwa wanafunzi nina ombi la namna hiyo hiyo: wazee wenu wanapokaa na redio zao barazani, kaeni nao, hata kwa wimbo mmoja. Ulizeni maneno msiyoyafahamu. Mimi nilikuwa na baba mwenye santuri na sikuuliza.

Na kwako, binti uliyenyosha mkono siku ile, hili ndilo jibu lako. Uliuliza wazee waliuitaje muziki wetu ulipokuwa mpya. Waliuita kelele. Nasi tuliwaona wamezeeka. Nakuomba uliweke swali lako mahali pazuri, usilipoteze, kwa kuwa siku moja utakuwa na miaka hamsini, na kijana mmoja atafungua kitu usichokielewa kwa sauti ya juu.